Kelele za Moto Ngazini

Kila mtu alimwita Shangazi, hata kaka yake wa tumbo moja, kwa sababu aliletwa ugenini kuja kulea mapacha wa kaka huyo wakati wifi yake alipopata kazi ya zamu hospitalini. Mapacha walipoanza shule, Shangazi akachoka kutazamana na kuta, akatafuta kibarua. Akakipata kwenye kiwanda cha kuku, nje kidogo ya mji.

Kazi yake ilikuwa kukata mabawa. Kuku walikuja wananing'inia kwenye mnyororo, miguu juu, wameshanyonyolewa, nao mnyororo haukumsubiri mtu. Siku ya kwanza alijikata kidole mpaka mfupa ukaonekana. Msimamizi akamfunga bendeji, akamvalisha glovu ya chuma, akamrudisha kwenye mstari bila neno.

"Hivi hawa watu hata pole hawana?" alimuuliza mwenzake wa pembeni, mwanamke wa kwao aliyekaa sana mji ule, ambaye kiwanda kizima kilimwita Mkongwe.

"Wanayo," Mkongwe alijibu bila kuinua macho. "Wanawawekea mbwa."

Mji ule Shangazi aliujua kwa maumivu. Bomba la kushoto lilimbabua mkono kabla hajajua kwamba maji ya moto hutoka ukutani. Mlango wa nyumba ulijifunga wenyewe nyuma yake akitoka kumwaga taka, akabaki koridoni na gauni la kulalia huku chungu kinaungua ndani. Akamgongea jirani wa mkabala, bibi mmoja mwembamba anayetembea na fimbo. Akasikia fimbo inakuja, ikasimama nyuma ya mlango, kisha ikarudi ilikotoka. Mlango haukufunguliwa.

Alasiri moja lifti iliharibika, akapanda ngazi na mboga zake. Kwenye kona chini kidogo ya ghorofa yao alisimama mwanamume wa sweta la kijivu lenye kofia. Shangazi akamsalimu. Yule akaushika mkoba wake na kuuvuta, lakini mkanda ulikuwa umepita kifuani, kwa hiyo akamvuta na mwenye mkoba. Akamtandika ngumi ya mdomo. Shangazi akaanguka chali kwenye ngazi, na yule akawa anampiga mateke ya mbavu, moja baada ya jingine, mpaka mkanda ukakatika.

"Mwizi! Mwizi jamani!" alipiga kelele, kwa lugha yake na kwa lugha ya pale. Kisha akatega sikio asikie miguu ikija. Kwao, neno hilo likitoka kinywani tu mtaa mzima umeshafika na magongo, na kazi inayobaki ni kumwokoa mwizi. Hapa alisikia funguo. Mlango wa juu ukafungwa mara mbili, wa chini ukafungwa, na wa mkabala pia. Alitambaa mpaka kwake, damu inamchuruzika kidevuni, akaona kitundu cha mlango wa bibi kimeingia giza. Kulikuwa na jicho pale.

Kaka yake aliporudi na kumwona, alitaka kutoka. "Navunja mlango mmoja mmoja! Watu gani hawa?"

"Kaa chini," wifi alimwambia, akiwa anamsafisha Shangazi mdomo. "Ukivunja mlango utafungwa wewe, na mwizi atakuja kukutazama."

Mkongwe alipousikia mkasa huo kiwandani alitikisa kichwa. "Kosa lako ni neno. Hapa ukilia mwizi wanajifungia, wanaona hayo ni yako na mwizi wako. Siku nyingine lia moto. Utawaona wanavyotoka."

Shangazi alicheka, mbavu zikamuuma, akajuta kucheka.

Ikawa Jumamosi asubuhi. Wifi alikuwa anarudi kutoka zamu. Shangazi, akiwa jikoni, akasikia sauti yake ngazini, sauti ya mtu anayekabwa. Akatoka pekupeku. Lilikuwa sweta lilelile la kijivu. Yule mwanamume alikuwa amemshika wifi nywele na anambamiza uso ukutani kama mtu anayepigilia msumari. Ukuta ulikuwa na damu.

"Mwi..." Shangazi alianza, akajikatisha mwenyewe. "Moto! Moto! Moto!"

Milango ikafunguka juu na chini. Watu wakatoka na taulo, mmoja ana povu la sabuni shavuni, mwingine kakumbatia paka. Wakajaa ngazini hata mwizi akakosa pa kupita. Akachomoa kisu. Shangazi alimrukia, akaudaka mkono wenye kisu, akaupinda kwenye kiungo cha kifundo kwa nguvu zote za kiwandani. Kikasikika kitu kinapasuka. Kisu kikaanguka, naye akakipiga teke, kikaenda kikigonga ngazi hadi chini.

Kisha akampiga. Alimpiga kwa ajili ya wifi, kwa ajili ya mbavu zake, na baada ya hapo alipiga tu. Alihisi pua inavunjika chini ya ngumi yake. "Njooni! Shikeni!" aliwaita majirani. Hakuna aliyesogea, wala hakuna aliyesema acha.

Ndipo mlango wa bibi ukafunguka. Alikuja taratibu, akasimama juu ya yule mwanamume, akainua fimbo kwa mikono miwili, akaishusha kwenye goti. Mwizi akalia kama mtoto.

"Na mimi," bibi alimwambia Shangazi. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwake. Akagusa nyonga yake. "Huyuhuyu. Hapahapa." Akapiga tena, na tena, anahema, midomo imemkauka, damu ikiruka kwenye ndara zake nyeupe. Fimbo sasa ilikuwa inatafuta kichwa.

Shangazi akaidaka. "Mama, basi! Utamuua!"

"Niache!"

"Basi, mama yangu, basi." Akamkumbatia bibi na fimbo yake, akahisi moyo wake unavyogonga kwenye vile vimbavu.

Zimamoto walifika kwanza, wamekokota mpira wa maji, wakaulizia moto. Polisi waliwafuata, wakampeleka mwizi hospitali, na Shangazi na bibi wakawapeleka kituoni.

Mwizi alifungwa, akiwa na goti ambalo halikupona sawasawa. Shangazi na bibi nao wakapelekwa mahakamani. Hakimu alimuuliza Shangazi kama angerudia, na mkalimani akasubiri jibu. Shangazi akamtazama wifi, aliyekuwa na nyuzi juu ya jicho.

"Mwambie sijui."

"Sema hapana, Shangazi!" kaka yake alinong'ona kutoka nyuma.

"Sijui," alirudia. "Aambiwe hivyohivyo."

Hakimu akawaachia wote wawili kwa onyo kali. Nje, palepale mbele ya mahakama, kaka akaanza kufoka kwa lugha ya kwao kwamba mdomo wake Shangazi nusura umpeleke jela. Bibi hakuelewa neno hata moja. Akamshika Shangazi mkono, wakavuka barabara na kumwacha kaka anafoka.