Kiu ya Gari Letu

Mume wangu ni mwalimu wa hesabu, na mtu wa namna hiyo hawezi kuona kitu kinapungua bila kutaka kujua kimekwenda wapi. Sukari ikiisha mapema hapa kwetu Ipagala, anauliza. Sabuni ikiisha, anauliza. Kwa hiyo gari letu lilipoanza kunywa mafuta kupita desturi yake, nilijua nyumba nzima imekwisha.

Gari lenyewe ni dogo, jeupe, la zamani. Ukiliwasha, mwanamke aliyemo kwenye redio husalimia kwa Kijapani, nasi kwa heshima humwitikia "marahaba" na kuondoka. Linanipeleka mimi ofisini, linampeleka yeye shuleni, na mara kwa mara linatupeleka wote Kongwa kwa mama yake.

Balaa lilianzia katika chumba cha walimu. Mwalimu mwenzake mwenye gari kama letu kabisa alisema yeye huenda Kongwa na kurudi, na mshale wa mafuta haufiki hata nusu. Letu likifika Kongwa tu, mshale umeshalala chali. Mume wangu alirudi nyumbani siku hiyo amenuna kama aliyeibiwa.

"Anakudanganya," nilimwambia.

"Hawezi. Anafundisha somo la dini."

Jumamosi iliyofuata nikamkuta amefungua buti, vitu vyote viko nje kama tunahama. Sufuria yangu ya kupikia kwenye shughuli, mkeka, viti vya plastiki vya kwaya, madumu ya maji.

"Uzito ni adui wa mafuta," akasema. "Na hili jembe ni la nini humu?"

"La kwako. Ulisema utalima bustani."

Jembe likatoka kimyakimya. Akang'oa na keria ya juu, maana inapingana na upepo. Akanunua kipimo cha upepo wa matairi akawa anapima kila wikiendi, amepiga magoti mbele ya gurudumu, majirani wakidhani kaanza ibada mpya. Alipofungua chujio la hewa, lilimwaga vumbi la Dodoma la kutosha kuoteshea mchicha. Lile chujio, sitamnyima haki yake, lilisaidia kidogo. Alipoweka jipya gari liliacha kukohoa asubuhi.

Baada ya hapo akahamia kwangu.

"Tatizo ni mguu wako," alisema tukiwa njiani kwenda mjini. "Kanyaga mafuta taratibu, kama mtu anayeingia chumba alicholala mtoto. Na ukiona taa nyekundu mbele, achia mapema, usisubiri ufike ndipo upige breki."

Nikakanyaga kama mama wa mtoto mchanga. Bajaji zikatupita. Malori ya saruji yakatupita. Barabara ya Morogoro, kwenye kamteremko ka kule Ihumwa, tulipitwa na mzee wa baiskeli mwenye magunia mawili ya mkaa. Alipofika usawa wa dirisha langu alitutazama kwa huruma.

"Poleni jamani. Limeharibika?"

"Hapana mzee, shikamoo. Tunabana mafuta."

"Marahaba," akajibu, akatuacha.

Kiyoyozi nacho kikapigwa marufuku kwa sababu kinakula mafuta. Na tukiwa barabara kuu madirisha yasifunguliwe, kwa sababu upepo ukiingia unalivuta gari nyuma. Huo ulikuwa mwezi wa Oktoba, na anayeijua Dodoma ya Oktoba atanielewa.

"Sasa tupumue kupitia wapi?" niliuliza siku tuliyokuwa tukienda Kongwa.

"Vumilia mpaka Chamwino."

Nikavumilia mpaka Chamwino, mafuta ya nywele yakinishukia shingoni. Na pamoja na yote hayo mshale uliendelea kulala. Mume wangu akaanza kunishuku.

"Ukiwa peke yako unakanyaga."

"Nakanyaga unavyotaka wewe. Ila nakanyaga kwa huzuni."

Alicheka, lakini si sana. Niliona jambo lile linamkera kwelikweli. Lile gari tulilinunua kwa kujinyima, na watu walimwambia gari la zamani ni mgonjwa wa kudumu. Hakutaka waonekane walisema kweli.

Basi tukafika Kongwa siku hiyo, buti tupu, gari jepesi kama kapu. Mama mkwe wangu akatupokea kwa furaha yake ya siku zote, akatulisha ugali wa uwele na mlenda, na ilipofika saa ya kuondoka akaanza kutoa vitu ndani. Gunia la karanga. Mtama. Maboga matano makubwa. Jogoo aliyefungwa miguu, mwenye hasira zake.

Mume wangu alijikaza. "Mama, mzigo ukiwa mkubwa gari linakula sana."

"Linakula?" Mama mkwe akamtazama juu mpaka chini. "Basi nanyi mle, baba. Mbona umekonda hivi? Mkwe, humpi chakula mwanangu?"

"Nampa, mama. Anakataa kuwa mzito."

Mwalimu wa hesabu akapakia gunia mwenyewe. Nilitazama milima ya upande wa pili ili asinione uso.

Tulikuwa tumeshapita Mbande, jua limeanza kulegea, nilipomwomba asimame. Kuna haja nyingine hazisubiri nyumbani. Nikaingia vichakani, nikarudi nikichechemea, maana mbigili zilikuwa zimeingia kwenye sendo. Nikainama nyuma ya gari kuzitoa, na ili nisianguke nikaegemeza mkono kwenye gurudumu.

Niliruka nikipiga kelele hadi jogoo akajibu.

"Nyoka?" Mume wangu alitoka mbio.

"Gurudumu! Njoo ushike. Hapana, usishike! Sogeza mkono tu."

Akasogeza mkono, akaurudisha haraka. Akaenda gurudumu la pili, la tatu, la nne. Yale yalikuwa na uvuguvugu wa kawaida tu. Akarudi kwa lile la kwanza, akachuchumaa. Kulikuwa na harufu ya kitu kilichoungua, ambayo mimi njia nzima nilidhani ni ya jogoo.

"Breki ya mkono," alisema polepole. Akaingia ndani, akaivuta, akaiachia, akatoka kutazama tena. "Naishusha, lakini huku nyuma haiachii. Huku bado imeng'ang'ania."

"Tangu lini?"

Nilimwona anapiga hesabu kichwani, na jibu halimpendezi.

Tukaweka mawe chini ya matairi, tukakaa kando ya barabara kusubiri lipoe, tukitafuna karanga mbichi za mama yake. Vidole vyangu vilikuwa vimepata malengelenge. Aliushika ule mkono akaupuliza, na kwa muda mrefu hakuzungumzia mafuta. Kisha tukaenda pole hadi nyumbani, breki ya mkono haikuguswa tena.

Fundi wa pale mtaani alipofungua alicheka mpaka akaweka spana chini. Waya wa breki ulikuwa umeliwa na kutu, umekwama.

"Mwalimu, gari lako lilikuwa linakimbia huku mtu amelishika shati!"

Waya mpya ukawekwa, na siku ya kwanza nilipoendesha niliachia mafuta mapema kabla ya tuta kama nilivyofundishwa, gari likaendelea kuteleza tu, nusura nilirukie lile tuta. Tulikuwa tumeshasahau kwamba lina mbio. Mshale nao ukapata adabu. Safari iliyofuata ya Kongwa tulirudi ukiwa bado umesimama wima, na tulikuwa na maboga.

Baadaye nilimsikia mume wangu kwenye sherehe ya ubatizo akiwasimulia wanaume wenzake. "Nilihisi kuna joto fulani lisilo la kawaida," alikuwa akisema, "nikasimamisha gari, nikachunguza gurudumu moja baada ya jingine." Katika simulizi yake hapakuwa na mbigili, wala kichaka, wala mke. Nilipita na sinia la pilau nikamuuliza kama anahisi joto. Akaomba maji.

Mama mkwe alipokuja kukaa nasi baada ya mavuno, mume wangu ndiye aliyesema twende Kolo tukaone michoro ya mapangoni. Mtu ambaye juzijuzi alikuwa akipigia hesabu safari ya sokoni! Tukapita Kondoa madirisha yote wazi, mama mkwe kiti cha mbele, kilemba kikipepea.

Kule mwambani aliwatazama watu wale wekundu, warefu, wembamba, waliochorwa zamani zisizojulikana.

"Mbukwenyi," akawaamkia kwa Kigogo. Halafu akanigeukia. "Hawa hawakuwa na mtama?"

"Sijui, mama. Labda walikuwa wawindaji."

"Waliteseka. Tazama mapaja."

Mwongoza wageni akacheka, akaeleza alichojua, naye mama mkwe akasikiliza kila neno, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Aliniambia miaka yote amesikia wageni wanatoka mbali kuja kuona mawe ya Kondoa, akadhani ni mawe ya thamani, yale ya kuuza. Alikaa juu ya jabali akatazama bonde kwa muda mrefu. Jua lilipokuwa kali akanyoosha mkono, nikamshika, tukashuka taratibu, na mume wangu akitangulia kutuondolea vijiwe njiani.