Sabuni Aliyoificha Mjomba

Mjomba haamini kitu mpaka akinuse. Hata chumvi ya dukani huinusa. Basi shemeji yake, dada mdogo wa mkewe, alipomletea chupa ya mafuta ya mchaichai aliyoyapata kwa kuchemsha majani na kuukusanya mvuke, alinusa, akakunja uso. "Umetia nini humu?"

"Majani na maji, shemeji. Inzi weupe hawaipendi harufu hiyo. Changanya kwanza na sabuni hii ya maji, ndipo utie kwenye bomba la kupulizia."

"Sabuni ya nini tena?"

"Wewe tia tu."

Hapo aliharibu. Mjomba humwambii "tia tu". Msimu uliopita inzi weupe walimfyonzea nyanya zote, na mwenye shamba alishamwonya kwamba akivuna patupu tena, atamkodishia mwingine. Hofu ilikuwa imemkaba. Akashikilia kwamba sabuni ile ina sumu ya dukani, na mafuta ni manukato tu ya kumzubaisha. Nilimwambia anamwonea mwanamke wa watu. Akaniambia nimelishwa maneno.

Wanalima pamoja, matuta sita yake, sita ya shemeji. Mjomba aliificha sabuni chini ya kitanda, eti ushahidi, akajaza bomba maji na mafuta, akalibeba mgongoni. Alianza na matuta ya shemeji, akamalizia na yake kwa bomba hilohilo.

"Kama na haya mafuta yana sumu, ianzie kwake," alisema, akajiona mjanja kweli.

Siku ya tatu nyanya za shemeji zilikuwa nzima, na inzi wake wote wapo. Matuta matatu ya mwisho ya mjomba yalikuwa yamebabuka majani yote. Alikwenda kwa shemeji mbiombio, ushahidi mkononi.

"Umeniunguzia nyanya."

Shemeji aliitazama chupa ya sabuni, bado imejaa. Alitia tone la mafuta kwenye glasi ya maji, likaelea. "Bomba linavuta kutoka chini. Mimi umenipulizia maji matupu. Mafuta yote yamekuja kuishia kwako." Akaongeza sabuni, akakoroga, maji yote yakawa meupe.

Mjomba aliinusa ile glasi. Niliona aibu kwa niaba yake.

"Chukua matuta yangu matatu," shemeji alisema, "usije ukanyang'anywa shamba."

Mjomba alimkodolea macho. Nilidhani atashukuru.

"Yapi?" akauliza. "Nayachagua mwenyewe."