Supu ya Kuku Ng'ambo ya Mto

Mwezi uliopita nilirudi Guangzhou kuchukua viatu vya duka langu la Tanga. Nilikuwa soko la jumla la Zhanxi, nimebanwa kati ya mikokoteni, nikivutana bei na laobani mmoja, mama mwenye duka na sauti ya kutosha maduka matatu, alipoletewa chakula chake. Akafungua bakuli la karatasi: tambi nene zilizokorogwa na ufuta uliosagwa, juu yake vipande vya figili iliyochachushwa. Harufu ile ikanikata maneno. Akadhani nimekubali bei yake, nami nikakubali kweli.

Kama umewahi kupita Guangzhou, ndugu yangu, bila shaka ulikula Xiaobei, mtaa wa wageni wa Kiafrika, kama sisi sote: pilau, mishikaki, tambi za Waislamu. Sikisemi vibaya chakula hicho. Lakini mimi niliyeishi pale utotoni nilifundishwa kula kwingine, na aliyenifundisha nilimtendea ubaya.

Alikuwa jirani yetu, bibi kutoka mkoa wa Hubei, zinakotoka tambi zile za ufuta. Nilimwita Popo, kama watoto wa pale wanavyowaita bibi zao. Mama alikuwa na ofisi ya kusafirisha mizigo katika jengo la Tianxiu, akitoka asubuhi na kurudi magharibi, kwa hiyo Popo ndiye aliyenichukua shuleni, akanikausha nywele mvua iliponinyeshea, akanionyesha kumenya vitunguu saumu kwa kuviponda na ubapa wa kisu. Jumapili tulipanda basi hadi ng'ambo ya mto, kwenye vichochoro vya washona nguo waliotoka kwao. Vyerehani vilinguruma kila dirisha, mvuke wa pasi ukatupiga usoni, vipande vya vitambaa vikanasa kwenye soli. Huko mdogo wake alikuwa na mgahawa usio na kibao, meza tatu tu.

Kwao supu ya mizizi ya yungiyungi hupikwa kwa mbavu za nguruwe. Popo alininunulia sufuria yangu, akaiweka pale, na kuku akamchukua kwa mchinjaji Mwislamu wa Xiaobei, tukasafiri naye ndani ya mfuko. "Huyu hali nguruwe!" alitangaza kila tulipoingia, hadi washonaji wakawa wanasema wao kabla yake, wakicheka. Mizizi ile ukiing'ata hutoa nyuzi nyembamba kama za buibui. Tulishindana nani atavuta uzi mrefu zaidi. Nilishinda mara nyingi, na sasa ndio najiuliza kwa nini.

Nilikuwa na miaka tisa. Jumamosi moja sikutaka kwenda madrasa, maana sura niliyopewa sikuwa nimeihifadhi. Nikamwambia Popo mwalimu anaumwa. Akafurahi, akachukua mfuko wake, tukaenda kula.

Jioni mwalimu alikuwa ameshampigia mama simu. Mama alinikuta nguo zinanuka mafuta ya pilipili.

"Ulikuwa wapi?"

"Popo alinichukua."

"Akakulisha nini?"

Nilimwona amekunja uso, nikaogopa fimbo, nikatafuta kitu kikubwa kuliko kosa langu. "Nguruwe," nikasema. "Alinilazimisha."

Mama alinishika mkono, akagonga mlango wa jirani. Kichina chake kilikuwa cha bei na mizigo, lakini neno la nguruwe alilijua, akalitamka kwa sauti mpaka watu wa juu wakachungulia ngazini. Popo alisimama na aproni yake. Alinigeukia mimi, kwa sababu katika ujia ule wote ni mimi peke yangu niliyekuwa na lugha zote mbili.

"Mwambie mama yako," alisema polepole. "Mwambie ilikuwa ya kuku. Wewe unajua."

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anasema hakujua kama ni haramu."

Popo hakuelewa nilichosema, ila alimwona mama akisonya na kugeuka. Akaniangalia kidogo, akafunga mlango taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa. Tangu siku ile nilishinda Tianxiu baada ya shule, katikati ya maboksi. Kabla ya mwaka mpya wao Popo alihama. Sikumuaga.

Safari hii nilivuka mto. Nusu ya kichochoro imebomolewa, imezungushiwa mabati ya buluu. Mwanamke mmoja anayeuza supu ukingoni aliwakumbuka wale ndugu wawili. Walirudi Hubei, akasema, na yule mkubwa alifariki. Nikamwambia sili nguruwe, naye akanipikia ya samaki wa mtoni. Ilikuwa tamu sana. Niliona haya kwamba ni tamu, lakini niliimaliza.

Nilipofika Tanga nilimweleza mama kila kitu, yeye akichambua mchele. Mikono ikasimama juu ya ungo.

"Nilimfokea mbele ya watu," alisema. "Mwanamke mzima, mkubwa kwangu."

"Nisamehe, mama."

"Mimi usiniombe. Si mimi uliyemsingizia."

Akaendelea na mchele wake. Nasikia vichochoro vyote vile vitakwisha, na washonaji wamehamishiwa miji mingine. Huwa nawaelekeza wafanyabiashara wenzangu: vukeni mto, kuna chakula ambacho Xiaobei hamtakipata. Wananiuliza nani alinionyesha. Nawajibu ni jirani, kisha nageuza mazungumzo.