Jogoo Niliyempeleka Kitale

Mpaka leo sijapona mshtuko, na jogoo mwenyewe tukikutana uani ananiangalia vibaya.

Binti yangu Nekesa aliacha kazi ya benki Bungoma, akaniambia, "Baba, siku hizi nashauri makampuni." Mimi niliachia shule darasa la tatu, lakini ushauri naujua. Hapa Chwele nimeshauri watu maisha yangu yote na sijanunuliwa hata soda. Basi nikajua amefutwa kazi, anaficha aibu. Jirani naye akaongeza ati Nekesa anaonekana kila asubuhi kwenye kiwanda cha unga Kitale. Nikasema, maskini, anatafuta kibarua.

Nikamkamata jogoo mkubwa, yule aliyewahi kumfukuza pasta, nikaenda kiwandani kumwombea mtoto kazi. Kwetu huendi kumwomba mtu mkono mtupu. Bawabu akanionyesha mlango wa wakubwa, nikaingia bila kubisha. Watu wa tai walikuwa wamejaa. Nikamchagua aliyenenepa zaidi, nikamkabidhi jogoo.

"Mheshimiwa, msichana wangu Nekesa alifukuzwa benki. Mpe kazi yoyote, hata ya kufagia."

Yule bwana akamkumbatia jogoo, akageukia mbele ya chumba polepole.

"Madam," akasema, "huyu mzee anakuombea kazi. Na sisi hapa tunangoja utuambie kama zetu zimebaki."

Nekesa alikuwa amesimama ubaoni, kalamu mkononi.

"Baba, keti," akasema. "Na umshike jogoo wako."