Mimi Sili, Naonja Tu

Miaka yote aliyopika katika kantini ya kiwanda cha nguo, Mama Upawa aliwaambia watu jambo lilelile, na watu walimtazama kuanzia shingoni kushuka chini, kisha wakainamia sahani zao kuficha kicheko. "Mimi sili," alikuwa akisema. "Naonja tu." Na alikuwa akisema kweli, masikini wa Mungu. Matata yake yote yalianzia hapo.

Hakuwa mlafi. Hili liwekwe wazi mapema, maana watu wembamba wana kasumba ya kuamini kwamba kila mnene hulala na sufuria chini ya kitanda. Mama Upawa hakuwa na hata nafasi ya kuketi akala. Alifika jikoni kabla cherehani hazijaanza kunguruma, akawasha majiko, akafunga kitambaa kichwani, na tangu hapo hadi mfanyakazi wa mwisho aliposhiba alikuwa wima. Sufuria zake zilikuwa nne, kila moja unaweza kumwogeshea mtoto: ya nyama, ya maharage, ya mboga na ya wali. Hakuna iliyotoka motoni bila kupita ulimini mwake, tena haikupita mara moja. Ilipita vitunguu vikiiva, ikapita nyanya zikishika, ikapita chumvi ikiingia, na ikapita mara ya mwisho kama mtu anayeaga. Alichota kwa upawa, akamimina kidogo kwenye kijiko chake, akanywa, akafumba jicho moja. Jicho likifumbuka haraka, mambo yamekaa sawa. Likichelewa, kila aliyekuwa jikoni alitafuta kazi ya kufanya mbali na jiko. Upawa huo ndio uliompa jina, na jina likamganda hata mumewe akawa halikumbuki lile la kwanza mpaka alipoulizwa hospitalini.

Huko hospitalini alipelekwa na magoti. Magoti yaligoma, sukari nayo ikapanda, na daktari akamwambia bila kuzunguka kwamba asipopunguza mwili atapika akiwa ameketi, na baada ya hapo hatapika kabisa. Mama Upawa alijitahidi. Alikata mkate, akakata vya kukaangwa, akakata chai ya sukari, akakata kila kitu isipokuwa kuonja, kwa kuwa kuonja si kula, ni kazi. Mwili ukakaa palepale. Mwishowe akapiga moyo konde, akakubali upasuaji wa kupunguza tumbo. Mumewe, dereva wa malori aliyestaafu, mtu mwembamba aliyekula mapishi ya mkewe nusu ya maisha yake bila kuongezeka hata nyama ya shavu, alikaa mlangoni mwa chumba cha upasuaji akilia kama mtoto. Alipoulizwa analia nini ilhali wamemwambia kila kitu kinakwenda vizuri, alisema analilia tumbo la mkewe, kwa kuwa lilikuwa halijamkosea mtu.

Tumbo lililobaki lilikuwa kimfuko tu. Mtaalamu wa lishe, binti mpole aliyekuwa na tabia ya kusubiri jibu hadi lije, alimkalisha Mama Upawa na kumweleza kwamba sasa nafasi ni ndogo, na kinachoingia kwanza ndicho kinachokula nafasi. Kwa hiyo aanze na protini kila anapokula: yai, samaki, kuku, maharage laini, mtindi. Vingine vifuate kama nafasi ipo, na mara nyingi haitakuwepo. Asipoipata protini ya kutosha, mwili utajila wenyewe, misuli itaisha, nywele zitatoka. Maji ayanywe mchana kutwa, funda dogo dogo, yafike lita moja na nusu, lakini asiyanywe pamoja na chakula wala mara tu baada ya kula. Akampa chupa yenye mistari ya kupimia. Mama Upawa akaipokea kwa mikono miwili, akaahidi, na alimaanisha kila neno.

Tena alifanya zaidi ya kuahidi. Aliporudi kazini akawa mhubiri. Kila aliyekuja dirishani na sahani aliambiwa anywe maji, mwili ni maji, figo zinataka maji. Na watu wakamsikia! Pipa la maji ya kunywa lililokaa mlangoni mwa kantini, ambalo zamani lilimaliza siku mbili, sasa lilikauka kabla chakula hakijaisha. Msimamizi wa kantini alilalamika kwamba hana mtu wa kujaza pipa kila saa. Mama Upawa akamjibu kwamba hiyo ndiyo faida ya elimu, na akaenda zake kwa madaha.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya sifa. Nguo zilimpwaya, magoti yakaacha kelele, mafundi cherehani wakagombea kumpunguzia magauni. Kisha sifa zikageuka kuwa maswali. Ngozi ya uso ilisinyaa. Kitambaa cha kichwani kikawa kinatoka na nywele. Akiinuka haraka, jiko lilizunguka. Haja ndogo ilikuwa nyeusi kama chai iliyokolea, na chupa ya mistari ilirudi nyumbani imejaa karibu kama ilivyotoka. Jioni mumewe alimwekea yai la kuchemsha, amelimenya mwenyewe, amelikata vipande ambavyo hata ndege angevidharau. Mama Upawa alikula viwili akasukuma sahani. Mzee alimbembeleza kwa maneno ambayo hakuwahi kuyatumia hata alipokuwa akimchumbia. Haikusaidia kitu. Ameshiba, alisema. Ameshiba tangu asubuhi, na hajala kitu.

Kliniki hawakumwelewa. Walimtazama koo na tumbo kwa mashine kuona kama njia imeziba, wakakuta iko wazi. Daktari alitazama vipimo vya damu, akavua miwani, na akasema atampa mwezi mmoja. Akirudi katika hali ile, atalazwa na kuwekewa maji ya mshipa, na akitoka hatarudi jikoni, atakaa nyumbani apumzike. Kwa Mama Upawa kupumzika nyumbani ni kuzikwa bila sanda. Alikubali kukatwa tumbo ili asinyang'anywe upawa, na sasa alikuwa ananyang'anywa upawa kwa sababu ya tumbo hilohilo.

Wakati huo alikuwa na msaidizi jikoni, mkamwana wake, mke wa kitindamimba. Alikuwa msichana wa maneno machache. Kazi yake ilikuwa kumenya, kuosha na kukoroga, na mkono wake ulikuwa haujawahi kugusa kopo la chumvi. Sababu ilikuwa chakula alichowapikia wakwe mara ya kwanza alipoingia katika nyumba ile. Mama Upawa alionja, akafumba jicho, na jicho halikufumbuka mpaka vyombo vilipoondolewa mezani. Tangu siku hiyo hakuna aliyelizungumzia jambo hilo, na hakuna aliyelisahau.

Mwezi ulipokaribia kwisha, Mama Upawa alijikuta ameketi juu ya gunia la mchele bila kukumbuka ameketi lini. Mkamwana alimshika, akamfungulia chupa, na kesho yake akafuatana naye kliniki, kwa kuwa mzee alikuwa na wasiwasi kiasi cha kuwa mgonjwa wa pili. Binti wa lishe akauliza kama kawaida: tangu alfajiri, nini kimepita mdomoni?

Mama Upawa alisema ni robo ya yai na mafunda mawili ya maji. Binti akasubiri. Hakuna kingine, Mama Upawa akaapa.

Mkamwana akakohoa. "Na kuonja je, Mama?"

"Kuonja ni kazi," alijibu Mama Upawa, naye alimkata jicho ambalo lingemkausha mtu mzima.

Binti wa lishe hakubisha. Alileta jagi la maji, kikombe kitupu na kijiko cha mezani, akamwomba Mama Upawa aonyeshe kazi ya asubuhi moja, lakini badala ya kinywani amimine kikombeni. Mama Upawa akacheka. Akaona mchezo wa watoto. Akaanza na sufuria ya nyama: vitunguu, vijiko viwili, maana cha kwanza huwa cha moto na hakisemi kitu. Nyanya, viwili. Chumvi, kimoja, akaongeza, kimoja. Ndimu, kimoja. Kuaga, viwili. Akahamia mboga, na akawa anafumba jicho kwa mazoea, akinong'ona peke yake kwamba hapa bado, hapa pameiva. Alipofumbua, maji yalikuwa yanatiririka mezani. Kikombe kilikuwa kimejaa kabla hajafika kwenye maharage.

Binti akamweleza taratibu kwamba tumbo lake sasa ni dogo kuliko kikombe kile, na kwamba analijaza mchuzi tangu asubuhi hadi mchana, mafuta na chumvi tupu, protini ya kuhesabika hakuna. Yai likija linakuta mlango umefungwa. Maji yakija, hivyohivyo. Anakufa njaa na kiu akiwa ameshiba.

Kilichomuuma Mama Upawa hakikuwa tumbo. Alikumbuka sahani zote zile zilizoinamiwa kufichia kicheko, na akaona waliokuwa wakicheka walikuwa na haki. Alitamani ardhi ipasuke. Daktari alimwongezea wiki mbili, kwa sharti kwamba asionje tena, na njia nzima ya kurudi hakumsemesha mkamwana.

Kazi ya kuonja aliikabidhi kwa mumewe. Nani mwingine? Mzee alikuja jikoni amevaa shati la kutokea, akapewa kijiko. Akaonja nyama, akasema iko sawa kabisa. Mboga, sawa kabisa. Maharage, hajapata kula maharage kama haya. Mama Upawa akamtazama kwa muda, kisha akamchotea maharage mengine kutoka kwenye sufuria ya pembeni, ambayo ilikuwa haijatiwa chumvi wala kitunguu. Mzee akafumba macho yote mawili na kusema hapo ndipo mkewe alipojishinda.

"Mzee," alisema Mama Upawa. "Tangu lini?"

Mzee aliweka kijiko chini. Alisema yeye ni mtu wa barabarani, amezoea kula chochote, ladha hazijui vizuri, na tangu walipooana amekuwa akiona ni salama zaidi kusifu. Kwa hiyo sifa zote zile, meza zote zile, kumbe ni kilemba cha ukoka. Mama Upawa akamwambia aende nyumbani akachemshe mayai, kwa kuwa hiyo aliiweza.

Akabaki mkamwana, na saa ya chakula ilikuwa inakaribia. Mama Upawa akampa upawa bila kumtazama. Msichana akaonja nyama. Akaonja tena. Akaushika upawa kama mtu aliyesimama ukingoni mwa shimo.

"Sema, mwanangu."

"Chumvi imezidi, Mama."

"Leo?"

Msichana akatazama nje, kwenye pipa la mlangoni. "Tangu uliporudi kutoka hospitali."

Mama Upawa akageuza kichwa naye, akaliona pipa. Akawaona mafundi cherehani walivyokuwa wakipanga foleni pale na vikombe, siku baada ya siku, na yeye dirishani akijipongeza kwamba wameelewa mambo ya figo. Binti wa lishe alishamwambia kwamba baada ya upasuaji ulimi hubadilika, ladha zisiwe zile za zamani. Alikuwa amelisikia hilo, akaona linawahusu watu wengine, wale wasio na ulimi wa kazi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenifukuza jikoni."

Mama Upawa alitaka kukataa, lakini siku zile alikuwa amechoka kudanganya bila kujua. "Ningekufukuza," alisema. Akachukua kopo la chumvi rafuni, akalishika kwa muda kidogo, kwa wivu, maana ni wivu, hakuna jina jingine. Kisha akaliweka mkononi mwa msichana. "Haya. Rekebisha."

Mkamwana akaongeza maji na viazi, akaonja, akaongeza tena. Hakufumba jicho. Alikunja pua tu, kidogo, upande mmoja, na Mama Upawa, aliyeketi kwenye kigoda akiwa hana la kufanya kwa mara ya kwanza tangu awe mpishi, alijikuta anaisubiri pua ile ikunjuke. Katika kusubiri akamenya yai alilofungiwa na mumewe asubuhi. Akala kipande, akatafuna mpaka kikalainika kama alivyofundishwa. Akala kingine. Alipotazama kiganja, yai lilikuwa limekwisha.

Siku ile mafundi walikula wakiinua vichwa na kutazamana, na hakuna aliyesema neno, kwa adabu ileile iliyowanyamazisha miezi yote. Msimamizi alipita mchana kujaza pipa, akafunua mfuniko na kuona maji yamebaki zaidi ya nusu. Akamfuata Mama Upawa kwenye kigoda chake kumuuliza ni nini, watu wameacha kunywa maji?

"Wameacha," alisema Mama Upawa, akamnyooshea chupa ya mistari, iliyokuwa tupu. "Nijazie mimi."