Karani aliyemfikisha mwendesha mashtaka mbele ya sheria

Saa mbili kasorobo asubuhi, Verlene Stubbs anafungua barua ya kumi na saba. Anaisoma, anaigeuza, anaikagua mgongoni, kisha anaiweka kando. Kahawa yake imeshapoa.

"Mawakili wanasoma mbele tu," anasema bila kuinua macho. "Mie na nyuma nasoma."

Mama huyu wa miaka 61 ni karani wa mapokezi katika idara ya nidhamu ya Chama cha Mawakili cha jimbo. Wakili aliyemdanganya jaji au kumtelekeza mteja, malalamiko dhidi yake huanzia mezani hapa. Mwaka jana yalifika 1,900. Yaliyowahusu waendesha mashtaka yalikuwa 112, na mawili tu ndiyo yaliyofika mbele ya baraza la nidhamu.

"Wale walikuwa hawagusiki," anasema.

Moja kati ya hayo mawili liliandikwa kwa penseli na Delmar Pruitt, fundi bomba aliyefungwa miaka kumi na minne kwa kosa la kuchoma ghala. Alidai kwamba mwendesha mashtaka wa kaunti, Wade Culpepper, alificha ripoti ya maabara iliyoonyesha moto ulianzia kwenye nyaya za umeme. Culpepper aliapa kwamba aliiona baada ya hukumu. Faili likawa linasubiri kufungwa.

Verlene akagoma. Alijua jambo ambalo mawakili vijana hawalijui: makarani wakongwe wa kaunti hugonga mhuri wa kupokea nyuma ya karatasi, wasije wakachafua maandishi. Nakala ya ripoti iliyoletwa ofisini ilikuwa ya upande mmoja. Alimganda bosi wake, wakili Thaddeus Boone, siku tatu nzima, mpaka wakaendesha gari maili tisini hadi mahakama ya kaunti kuiona ripoti yenyewe.

Mgongoni palikuwa na mhuri wenye tarehe ya siku kumi na tisa kabla ya kesi. Pembeni yake, saini ya Culpepper.

"Nilipiga ukelele, yule karani wao akadhani nimeona panya!" anasema Verlene.

Mahakama ilimwachia huru Delmar mwezi Machi. Jumanne iliyopita, Mahakama ya Juu ya jimbo ikamfutia Culpepper leseni. Raha iliyoje!

Siku ya pili yake Delmar aliingia ofisini na pai ya pichi mkononi.

"Bi Verlene? Mbona mfupi hivi? Mie nilidhani nitakutana na jitu!"

"Keti ule, mwanangu. Ufupi wangu umekutoa jela."

Walicheka, kisha wakalia wote wawili. Boone akajifanya anatafuta faili.

Verlene alikuwa astaafu Desemba. Sasa ameahirisha, kwa sababu Culpepper aliwafunga watu 340, naye anataka kila jalada likaguliwe upya. Boone amekubali. Delmar anawaandikia wafungwa hao, mmoja mmoja, kwamba wanaweza kulalamika.

"Siondoki hapa mpaka wa mwisho asikilizwe," anasema Verlene. "Tumeshamaliza majina ya herufi A na B. Leo tunaanza C."