Kamera Zetu Huzimika Jumatatu na Alhamisi

Jumatatu, tarehe 9. Asubuhi mawingu mazito, manyunyu, upepo hakuna.

Hivyo ndivyo ninavyoanza kila ukurasa wa daftari langu tangu nilipomaliza kidato cha nne. Leo nimelifungua mbele yenu. Admin, nifichie jina, lakini hasira yangu iache kama ilivyo.

Nina miaka thelathini na nane. Naishi Mpendae na watoto wawili na mama mkwe wangu. Nashona nguo kwenye duka la mtu Mlandege, natoka saa kumi alasiri. Mume wangu ni msimamizi katika hoteli moja Uroa, hurudi nyumbani Ijumaa. Tulipoibiwa mtungi wa gesi uani, alifunga kamera mbili, moja getini na moja uani. Zote zinatumia mtandao wa ruta iliyopo sebuleni, naye huzitazama kwa simu yake huko huko kazini.

Mwezi haukwisha zikaanza kuzimika. Mchana, zote mbili kwa pamoja, halafu zinarudi kabla mimi sijafika nyumbani. Nilimwita fundi wa Mlandege. Akaitoa ruta juu ya friji, akaitundika ukutani, akaongeza kifaa cha kusukuma mtandao hadi uani. Nikaandika: "Fundi kamaliza, picha safi." Alhamisi zikazimika tena.

Mume wangu akapiga simu dukani. "Uko wapi?"

"Nipo kwenye cherehani."

"Washa video nikuone."

Nikawasha mbele ya wenzangu. Mmoja akacheka, "Bwana ako anakukagua kama mzigo wa bandarini!" Na mimi nikacheka, huku uso unaniwaka moto.

Ijumaa ile alimwita kaka yangu. Tukakaa sebuleni, akasema mbele ya mama yake, "Dada yako anatoroka kazini mchana, anazima mtandao, anaingiza mtu ndani ya nyumba yangu." Nikaleta daftari, nikamwonyesha saa ninazoingia na kutoka. Akasema, "Daftari unaandika mwenyewe. Kamera haina mume wala mke."

Akamgeukia mama yake. "Mama, wewe unashinda hapa. Nani anakuja mchana?"

Mama mkwe alitazama mkeka. "Mie sijui, mwanangu. Mie nikishasali adhuhuri hulala."

Angesema "hakuna anayekuja" ningepona. Lakini alisema hajui. Kaka yangu akainamisha kichwa, na mume wangu akatamka: "Nampa hadi tarehe kumi ya mwezi ujao. Kamera zikizimika tena baada ya hapo, akusanye vyake arudi kwao." Miaka kumi na minne ya ndoa, watoto wawili, imening'inizwa kwenye waya wa ruta!

Nikaanza kuandika kila kuzimika: siku, saa, umeme upo au haupo. Wiki tatu zikaonyesha kitu kimoja. Jumatatu na Alhamisi tu, saa nane hadi saa kumi kasorobo. Nikampelekea fundi. Akaja, akaitazama ruta kupitia simu yake, akatikisa kichwa.

"Dada, mtandao dhaifu hukatika ukarudi, ukakatika ukarudi. Huu wako haukatiki. Ruta inachomolewa, halafu inawashwa upya. Mie mtandao nshautengeneza. Mkono wa mtu siwezi kuutengeneza."

Leo, Jumatatu, nimeomba ruhusa. Nimefika nyumbani saa nane na nusu. Kabla sijavua viatu nimesikia harufu ya singo, ule mchanganyiko wa kumsugulia bibi harusi mwili. Uani, mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, anamsugua mikono binti wa jirani anayeolewa mwisho wa wiki. Binti hana mtandio, kanga moja tu kifuani. Aliponiona akakimbilia chooni. Waya wa ruta ulikuwa umekunjwa vizuri ndani ya ukili wa mkeka anaousuka mama mkwe.

Sikuwaambia: mama mkwe ni somo, mwanamke wa kuwafunda mabibi harusi, amewaweka ndani wari wengi tu. Mwanawe alipopanda cheo alimkataza, alisema mama wa mtu kama yeye hasugui watoto wa watu singo. Kumbe hakuacha.

Nikamwambia, "Mama, ulinitazama nikiitwa malaya."

"Ningesemaje? Mwari wa watu yuko uchi, ningeacha mwanangu amwone kwenye simu? Nyie mnatundika macho uani mnaita ulinzi. Ua ni wa wanawake."

Hapo ana haki. Fundi alishashauri kamera ya uani igeuzwe itazame mlango wa nyuma tu. Mume wangu alikataa, anataka kuona ua wote.

"Basi mwambie mwanao ukweli."

Akanishika mkono, wake umejaa singo. "Nisitiri, mwanangu. Amebakisha Alhamisi moja tu."

"Na mimi nani alinisitiri?"

Alirudisha waya mahali pake, akaenda kumwita binti.

Nikisema, mama anadhalilika mbele ya mwanawe, na jina la binti wa watu litazunguka mtaa mzima kabla ya harusi. Nikinyamaza, Alhamisi tarehe 12 ruta itachomolewa, na mimi ndiye nitakayefunga mizigo. Na hata nikisafishwa, bado kuna swali linalonichoma zaidi: nitaishi vipi na mwanamume aliyeiamini kamera iliyozimika kuliko mke aliye mbele yake?

Nyinyi mama zangu na dada zangu mliokwishapita humu, na nyinyi wanaume mnaotazama nyumba zenu kwa simu, nipeni neno kabla ya Alhamisi saa nane. Niseme, au nimsitiri asiyenisitiri?

Nalala saa saba na dakika ishirini za usiku. Taa ya kamera inawaka.